Safari ya Kumleta Afisa Kazi Aone Tunavyosimama

Nyie wa Kabungu mmenichosha. Tangu nirudi, kila anayekuja mjini kuuza karanga anapita kwangu Ilembo na habari yake mpya kunihusu. Mmoja amesikia nimefungwa Sumbawanga. Mwingine, tena binamu yangu kabisa, aliambiwa nimekanyagwa na kiboko Sitalike, akafika na uso wa msiba na kuku mkononi. Kuku tulimla. Basi naandika mara moja kwa wote, mtasomeana, na atakayenisimamisha tena njiani kuniuliza ilikuwaje nitamrudisha kwenye barua hii.

Kazi yangu mnaijua, lakini wengine mnaijua nusu. Nachambua tumbaku kwenye godauni lililo karibu na stesheni ya Mpanda. Tuko wanawake thelathini na kitu. Majani yanaletwa makavu, tunayapanga kwa rangi na ukubwa, tunayafunga mabelo, yanaondoka kwa treni. Tunaanza saa moja asubuhi, tunamaliza saa kumi na moja jioni, na muda wote huo tuko wima. Zamani godauni lilipokuwa la ushirika palikuwa na mabenchi. Alipolichukua tajiri, mabenchi yakaondoka na ushirika, na msimamizi aliyekuja akasema hayarudi, kwa sababu mtu aliyekaa anasinzia. Milango nayo inafungwa ili upepo usikaushe majani yakavunjika, kwa hiyo vumbi linabaki na sisi ndani. Akikohoa mmoja huku, mwingine anaitikia kule.

Tungeendelea kunung'unika hivyo hivyo mpaka uzee, maana kunung'unika tunakuweza. Lakini kuna wifi yangu Skola, mke wa mdogo wangu, tunasimama naye meza moja. Msimu wa juzi mimba yake iliharibika. Msimu wa jana ikaharibika tena. Nesi akamwambia wazi kwamba akibeba nyingine asisimame kutwa. Mwaka huu amebeba, na msimu unaanza ana miezi minne. Kuacha kazi hawezi, ukiacha msimu mmoja nafasi yako wanaigombania kumi walioko getini, na mdogo wangu yuko machimboni, anachotuma ni salamu. Skola alimwomba msimamizi kigoda kimoja tu. Msimamizi akajibu kwamba akimpa mmoja itabidi awape wote. Siku ile nilitaka kumrushia tumbaku usoni, Skola ndiye aliyenishika mkono.

Barua kwa afisa kazi tulishaandika, hazikujibiwa. Ikaamuliwa mtu aende amlete mwenyewe. Wakanichagua mimi, eti kwa sababu nina mdomo. Mimi naona ni kwa sababu sina mume wa kuniuliza naenda wapi.

Mpanda hadi Sitalike, juu ya chumvi

Msimamizi nilimdanganya jino. Nilifunga shavu kwa kitambaa, nikajaza pamba mdomoni, nikaomba wiki moja ya kwenda kung'oa kwa mtaalamu. Alinihurumia mpaka nikaona haya. Alinipa na karafuu.

Lori lilikuwa la Mzee Salumu. Si lake, ni la mwenye duka mmoja pale sokoni, lakini Salumu analiendesha miaka mingi na kulisema vibaya kama mke wake. Lilikuwa linapeleka chumvi Sumbawanga. Tuliambiwa saa mbili asubuhi tunaondoka, tukaondoka saa nane mchana, kwa hiyo nilipata muda wa kuwatazama wapakizi. Wanabeba magunia ya chumvi mgongo wazi. Jasho linayeyusha chumvi, chumvi inaingia kwenye michubuko, na mtu anarudi kuchukua gunia jingine huku anapiga mluzi. Mmoja akaniuliza naenda wapi na jino langu. Nikamnong'oneza ukweli. Akatua gunia, akageuka, akanionyesha mgongo. Sikula mchana ule.

"Mwambie na sisi," akasema. "Tunataka hata ngozi ya kuweka mgongoni, basi."

Hapo ndipo nilipoanza kuwa posta.

Juu ya mzigo tulikuwa abiria saba. Wote walikuwa na dawa ya jino. Mmoja alinishauri majivu, mwingine mzizi ambao jina lake alilisahau, na mama mmoja akanitemea dawa shavuni kabla sijamruhusu. Nilisahau kabisa kuvua kile kitambaa mpaka Kasokola iko nyuma yetu, na nilipokivua na kuanza kucheka, yule mama alishukuru Mungu akidhani ni dawa yake.

Sitalike tulifika jua linateremka. Kiangazi hiki mto umebaki matope, na viboko wamejaa darajani wamebanana. Mmoja alikuwa amesimama barabarani kabisa, ametupa mgongo. Tukamwambia Salumu apige honi.

"Sipigi," Salumu akasema. "Huyo ndiye peke yake njia hii anayepumzika akitaka."

Tukakaa saa nzima tunamtazama kiboko makalio. Alipoondoka hakutuangalia hata kidogo. Tulilala pale pale Sitalike, kwa mama lishe mmoja aliyetupikia ugali na samaki mkavu, na kuhusu kiboko aliyenikanyaga, huo ndio mwanzo na mwisho wake.

Sitalike hadi Kibaoni, porini

Ijumaa asubuhi tuliingia mbugani. Kwa wasiopita huko: ndorobo, wale nzi wakali wa porini, hawajali nguo. Wanachoma juu ya kitenge. Kila mtu alishika tawi, tukawa tunapigana migongo, na baada ya muda hujui tena kama unapigwa kwa wema au kuna mtu ana lake moyoni.

Jirani yangu alikuwa Mzee Masanja, Msukuma mwenye fimbo ndefu, aliyetangulia kuwatafutia ng'ombe wake malisho bonde la Rukwa. Aliniuliza shida yangu, nikamweleza yote, mabenchi, vumbi, wifi yangu. Alisikiliza kwa makini mpaka mwisho.

"Ng'wanawane, mwanangu," akasema, "mimi nimesimama nyuma ya ng'ombe tangu nina miaka sita. Hakuna aliyenipa benchi."

"Lakini mzee, ukichoka si unakaa?"

"Nakaa."

"Wapi?"

"Popote. Chini ya mti."

"Na ng'ombe wanasemaje?"

Akafikiri. "Ng'ombe hawasemi neno." Halafu akacheka mpaka akapoteza tawi lake, na kuanzia hapo kila aliyeamka kwenye gunia lake kunyoosha miguu, Masanja alimwambia akae, ng'ombe hawana neno.

Tairi lilipasuka katikati ya pori, mahali ambapo hakuna mtu aliyetaka kushuka. Salumu alishuka peke yake. Nilimwona spana inamponyoka kila mara, nikadhani anaogopa simba. Nikashuka kumshikia jeki. Akaniambia simba hana habari naye, ni usingizi. Alikuwa ametoka Sumbawanga juzi, akapakia, akageuza. Mwezi ule alikuwa hajalala kwake siku mbili mfululizo.

"Leseni inasema naruhusiwa kuendesha," akasema. "Haisemi nilale lini. Muulize huyo afisa wako."

Nikamwambia nitamuuliza. Kisha nikapanda kwenye kabini bila kukaribishwa, nikamwimbia nyimbo za kwaya mpaka Kibaoni ili asisinzie. Anasema ndiyo safari ndefu kuliko zote alizowahi kuendesha.

Kupanda Kizi, nilipofanywa afisa

Kutoka Kibaoni barabara inapanda milima. Lori lilikuwa linapumua, linasimama, tunashuka, tunaweka mawe nyuma ya tairi, tunapanda, tunashuka tena. Karibu na Kizi springi ikakatika. Salumu akalala chini ya gari, na sisi tukaambiwa tutafute pa kujihifadhi.

Pembeni ya barabara kulikuwa na kambi ya wapasuaji mbao. Nilikwenda kuomba maji. Nikajieleza vizuri kabisa kwamba nasafiri kwa ajili ya afisa kazi. Sijui walisikia vipi kwa ile sauti ya msumeno, maana dakika chache baadaye nilikuwa nimekalishwa kwenye gogo lililotandikwa gunia safi, kuna asali mbele yangu kwenye bakuli, na kuku anakimbizwa. Wakasimama mbele yangu, kofia mkononi.

Nilitaka kusema ukweli. Lakini nilikuwa na njaa, na nilijiambia nitasema nikishakula.

Wakati nakula nikaona vitu vinahamishwa. Mashimo yao ya kupasulia, mmoja anasimama juu ya gogo na mwenzake chini shimoni, walikuwa wanayafagia. Kijana wa chini, ambaye unga wa mbao unamwagikia machoni kutwa, walimnawisha uso na kumficha nyuma ya kibanda kwa sababu macho yake yalikuwa mekundu kama pilipili. Nilimwona akichungulia. Nikauliza yule ana nini.

"Hana kitu, mheshimiwa," kiongozi wao akasema. "Ni mgeni tu."

Nilipomaliza paja la kuku nikawaambia mimi ni mchambuzi wa tumbaku wa Mpanda na sina cheo hata cha jumuiya. Kofia zikarudi vichwani. Halafu yule mwenye macho akatoka nyuma ya kibanda anacheka, akasema basi kuku ameenda bure, na mimi nikasema hapana, nitafikisha shida yenu. Wakanisindikiza mpaka kwenye lori na chupa ya asali. Watu wazuri sana wale. Nilikaa juu ya magunia nikiwacheka moyoni kwa kufagia mashimo. Kumbukeni kwamba niliwacheka.

Sumbawanga, mahali pa baridi

Tulifika Jumamosi jioni. Sikuwa na sweta. Nani aliniambia niende na sweta? Hakuna, nyote mlijua na mkanyamaza. Upepo wa kule kiangazi unaingia mpaka kwenye mifupa. Nilifikia kwa dada mmoja Mfipa, shemeji yake Salumu, akanipa koti la marehemu babake na ugali wa ulezi mweusi tii, mzito, na maharage. Mara ya kwanza niliuangalia ule ugali kwa mashaka. Mara ya tatu niliomba nyongeza.

Jumatatu nilikwenda ofisini, afisa hayupo, ameenda vijijini kwa baiskeli. Jumanne nikamkuta. Anaitwa Bwana Lusekelo, mtu mzima, mpole, ana miwani iliyofungwa kwa uzi. Mezani kwake kulikuwa na barua zetu zote tatu, zimewekwa jiwe juu zisipeperuke. Nilipoziona nikapandwa na hasira, maneno yote niliyoyapanga kwa kistaarabu yakapotea.

"Kumbe unazo," nikasema.

"Ninazo, mama. Kaa kwanza."

Alikuwa na kiti kimoja tu cha mgeni, kimevunjika mguu. Nikakaa. Akanieleza kwamba mkoa mzima huu, toka milimani mpaka Mpanda, ni wake peke yake, na gari la kazi hana, ana baiskeli. Mpanda kwa baiskeli, kupita kwa simba, mke wake amekataa. Nikamuuliza nikimpata gari atakuja? Akasema atakuja hata juu ya mahindi. Nikamwambia kuhusu Skola. Akavua miwani, akaifuta, akauliza sasa ana miezi mingapi. Nikasema mitano inakaribia. Akafungua droo, akatoa daftari jipya.

"Lakini nikwambie mapema," akasema. "Mimi naandika ninachokiona. Cha kusimuliwa, tajiri wenu anakipinga asubuhi hiyo hiyo."

Mimi nikaona hilo ndilo jepesi kuliko yote. Aone tu. Mchana ule gari la misheni lilikuwa linatangulia Mpanda, nikampa dereva salamu apeleke godauni: afisa tunakuja naye, Ijumaa saa tatu atakuwa kwenu. Nilijiona nimefanya la maana.

Kurudi na mgeni

Salumu alipata mzigo wa mahindi, tukaondoka Jumatano alfajiri, Bwana Lusekelo kwenye kabini na koti lake refu. Sikukaa kimya. Nilimpa shida za wote niliowabeba, moja moja. Aliandika ya Salumu akiwa amekaa ubavuni pake, na kila baada ya muda aliangalia saa, akamwambia, "Mzee, una saa sita sasa barabarani. Simama ulale kidogo." Salumu alisema haijawahi kutokea tangu aanze kushika usukani, na alilala chini ya gari huku anatabasamu.

Kizi tulisimama. Wapasuaji waliposikia huyu ni afisa wa kweli, wakamficha tena yule kijana. Ilibidi nimfuate mwenyewe nyuma ya kibanda na kumvuta mkono. Bwana Lusekelo alimtazama macho, akaandika ukurasa mzima. Kuku hakutolewa safari hii. Walisema wameshajifunza.

Alhamisi jioni tuko Mpanda. Mgeni akafikia nyumba ya wageni, mimi nikaenda nyumbani, nikanawa vumbi la siku mbili na kulala kama gunia.

Ijumaa, godauni

Nilimpitia mgeni, tukafika saa tatu kamili. Na hapa, jamani, naomba msome polepole, maana hata mimi sikuamini.

Godauni lilikuwa limepakwa chokaa. Milango yote miwili mikubwa wazi, upepo unapita. Sakafu imefagiwa, imenyunyiziwa maji, hakuna vumbi hata la kuapia. Meza zimetandikwa vitambaa vya kufuma, kila mtu ametoa cha sebuleni kwake. Wenzangu wote thelathini na kitu wamevaa vitenge vya sikukuu, wamesuka nywele, na wamekaa. Wamekaa kwenye mabenchi. Walikuwa wameyaazima kanisani kigangoni, wameyabeba vichwani tangu alfajiri. Walipotuona wakapiga vigelegele.

Msimamizi alikuwa amevaa tai. Hakuwa ameshika hata ufagio, wenzangu walimfanyia yote. Alinikaribia akaniuliza kwa upole jino linaendeleaje.

Nikamvuta Mama Restituta, mkubwa wetu pale. "Nyie mmefanya nini?"

"Tumefanya nini tena? Mgeni anatoka Sumbawanga, tumpokee kwenye uchafu?"

"Ndicho alichokuja kukiona."

"Modesta, usitutie aibu mbele ya mtu."

"Skola yuko wapi?"

Skola alikuwa uani nyuma, kwenye kigoda, anakoroga mchuzi. Walimweka huko kwa sababu miguu ilikuwa imevimba na waliona si vizuri mgeni aitazame. Mwenyewe alikubali kabisa. Alinikumbatia, akaniuliza mgeni anapenda pilipili. Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga mtu, na nilikumbuka wale wapasuaji wa Kizi na mashimo yao yaliyofagiwa. Mimi niliyeyaona yote yale kwa macho, bado nilituma salamu kwamba mgeni anakuja.

Bwana Lusekelo alikula wali na kuku, akasifia. Alizunguka na daftari. Nilimwona anaandika: mabenchi kumi, sakafu safi, hewa ya kutosha. Msimamizi alikuwa anasoma juu ya bega lake. Nikamwambia afisa mbele ya wote kwamba siyo hivi. Wenzangu wakainamisha vichwa kwa aibu, aibu yangu mimi.

"Mama," akasema, "nilikwambia naandika ninachokiona."

Nilimsindikiza nje bila kusema neno, na mnajua mimi kunyamaza ni ugonjwa. Tulipofika relini akasimama.

"Yale mabenchi yana jina la kigango ubavuni, rangi nyeupe," akasema. "Huwa yanachambua tumbaku?"

"Hapana, baba."

"Salumu anageuza kesho saa ngapi?"

"Saa sita mchana."

"Basi asubuhi yangu ni tupu." Akaondoka. Kwa mara ya kwanza maishani nikakaa na habari bila kumwambia mtu, hata Skola.

Jumamosi

Katekista aliyachukua mabenchi yake Ijumaa ile ile jioni. Jumamosi saa moja tukaingia, milango ikafungwa nyuma yetu, mzigo ukafunguliwa, vumbi likapanda. Msimamizi hakuwepo. Alikuwa ameenda zake sokoni, ameridhika na maisha.

Saa nne mlango mdogo ukafunguka, akaingia Bwana Lusekelo, amevaa shati tu. Akapiga chafya tatu. Kisha akasimama pale mlangoni, ametulia, mikono nyuma.

Hapo sikuwa na kazi tena. Sikufungua mdomo. Kwa sababu mgeni alikuwa amesimama, na nyie mnawajua watu wetu: mgeni hawezi kusimama.

"Karibu baba, karibu ukae," Mama Restituta akasema, akageuka kutafuta kiti. Hakipo. Akaenda kwenye kona. Hakipo. Wenzangu wakaacha meza, wote, wakaanza kutafuta pa kumkalisha. Mmoja alileta debe, akaliweka, likabonyea, akaliondoa haraka. Mwingine akaanza kuburuta belo la tumbaku, mwenzake akamkumbusha kwamba kukalia belo ni kufukuzwa kazi. Wawili walitoka mpaka uani, wakarudi mikono mitupu, kigoda cha jana nacho kilikuwa cha kuazima. Wanawake thelathini wanazunguka jengo lile lote, wanagongana kwenye vumbi, wanakohoa, wanaomba radhi, "subiri kidogo baba, subiri kidogo," na hawapati hata tofali. Nilisimama nikawatazama. Nilijisikia uchungu ambao sikuwahi kuusikia kwa miaka yote niliyofanya kazi humo.

Mwisho Skola alifungua kanga yake ya juu, akaikunja, akashika meza kwa mkono mmoja na kuanza kuinama aitandike sakafuni. Alishuka nusu, akakwama. Bwana Lusekelo akawahi kumshika kiwiko.

"Acha, mama. Mmesimama tangu saa ngapi?"

"Tangu saa moja."

"Na mnakaa saa ngapi?"

Skola akanitazama mimi, halafu akamtazama mgeni, akatabasamu kwa adabu.

"Hatuchoki, baba," akasema. "Karibu."

Bwana Lusekelo akaitazama ile miguu yake iliyovimba. Akafungua daftari, akachana ukurasa wa Ijumaa, akaandika upya, wima, amelaza daftari kwenye kiganja. Aliandika muda mrefu. Hakukaa, na hakuna aliyeweza kumkalisha. Msimamizi aliporudi alikuta karatasi inamsubiri, imesainiwa na nakala yake inaelekea kwa tajiri, akaisoma mara mbili na kulegeza kola.

Ya wapasuaji na ya wapakizi wa chumvi bado hayajajibiwa. Nimeambiwa yanashughulikiwa, na nimeshamwambia Salumu aniwekee nafasi kwenye kabini. Mimi nimehamishiwa meza ya mwisho, ile ya karibu na choo, na sina hata kinyongo, Skola kanifuata, na kuna hewa pale kuliko wanavyodhani.

Mabenchi yalikuja wiki ya tatu, mbao mbichi, bado yananukia. Tuliingia asubuhi tukayakuta yamepangwa kando ya meza. Basi tukasimama. Mama Restituta akamwambia jirani yake, kaa mama. Jirani akasema, aa, tangulia wewe. Wakabembelezana, na meza nyingine hivyo hivyo, kila mmoja anamkaribisha mwenzake na hakuna anayekubali kuwa wa kwanza, na msimamizi mlangoni anatutazama. Mikono ilishaanza kazi. Nikaona tutachambua wima siku nzima ubavuni mwa mabenchi yetu.

Skola hakungoja kukaribishwa. Alivuta benchi, akakaa, akanyoosha miguu yote miwili mbele yake, akapumua. Halafu akaniambia nimsogezee majani.